Kuhusu uanachama wa Shirika la Kijeshi la Malta

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu mwenye ndoa, asiye wa ukoo wa kimwinyi, anaweza kuingia katika Shirika la Kijeshi la Malta, lile shirika la kitawa la Kanisa Katoliki. Anaweza, na walio wengi kati ya wanachama wake wapatao 13,500 duniani kote, wake kwa waume, ni watu wa namna hiyo.

Wanachama wamegawanywa katika madaraja matatu. La kwanza ni la waliofunga nadhiri za ufukara, useja na utii, ambao ni wachache mno ingawa ndio moyo wa kitawa wa shirika; la pili ni la walioweka ahadi ya utii; la tatu ni la walei wasiofunga nadhiri wala kutoa ahadi hiyo, lakini wanaoishi kwa mafundisho ya Kanisa na kuwahudumia wagonjwa na maskini. Hapo ndipo mwenye ndoa huanzia, naye hajiandikishi tu, bali hualikwa na kupimwa kwanza.

Katiba iliyotangazwa na Papa Fransisko mwaka 2022 iliondoa hata sharti la Mkuu wa Shirika kuwa wa ukoo wa kimwinyi, na mwaka 2023 akachaguliwa kuwa Mkuu Fra' (yaani Ndugu) John Dunlap, wakili mzaliwa wa Kanada, kwa kipindi cha miaka 10.

Usishangazwe na neno "kijeshi", kwani kazi ya shirika leo ni huduma, si vita. Ule msalaba mweupe wenye ncha nane, nembo ya shirika, unaokumbusha heri nane za Mlimani, leo utauona Bethlehemu, katika hospitali ya Familia Takatifu, ambako akina mama hujifungua bila kuulizwa dini yao.