Muvi ya uzushi kwenye mji mdogo

Mkuu umeuliza muvi ya zamani inayoonyesha uzushi unavyoweza kuvuruga mji mdogo, mi nakwambia tafuta Le Corbeau ya Henri-Georges Clouzot, ya Ufaransa, 1943. Jina lenyewe ni kunguru, maana kuna mtu anasambaza barua za kuchafua watu na anasaini hivyo hivyo, Kunguru. Anaanza na daktari mmoja, Germain, eti anatembea na mke wa mtu na anatoa mimba, halafu barua zinaongezeka mpaka mji mzima hakuna anayemwamini mwenzie. Kuna mgonjwa anaandikiwa kwamba hatopona, anajiua. Kwenye mazishi yake barua nyingine inadondoka toka kwenye gari la maiti, hapo watu wanamgeukia nesi mmoja na yule mama anakimbia peke yake mitaani huku unasikia kelele za umati nyuma yake, aisee hiyo sehemu inauma sana, maana hakuna aliyemuuliza hata swali moja.

Na ile sehemu ya taa inayoning'inia, daktari mmoja mzee anaisukuma mwanga unayumba huku na huku anamuuliza Germain wema unaishia wapi na ubaya unaanzia wapi, irudie hata mara mbili. Chanzo chake ni kisa cha kweli cha barua kama hizo kwenye mji wa Tulle, Ufaransa, kuanzia 1917. Clouzot mwenyewe Vita Kuu ya Pili ilipoisha alifungiwa kutengeneza filamu mpaka 1947, kisa muvi hii aliitengenezea kampuni ya Wajerumani, ambao wakati huo walikuwa wameikalia Ufaransa.