Maswali ya wasomaji: Kuizima jeni ya maumivu

SWALI: Nasikia kuna jeni ambayo ikizimwa mtu hasikii maumivu. Ina tofauti gani na ganzi ya daktari wa meno? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Jeni hiyo ni SCN9A. Ndiyo yenye maelekezo ya kujenga Nav1.7, mlango wa sodiamu kwenye neva za hisia. Lidokeini, dawa ya ganzi ya daktari wa meno, huziba milango iliyokwisha kujengwa, tena ya aina nyingi, ndiyo maana mdomo hufa ganzi kisha hurudi baada ya saa chache. Kuzima jeni ni kufunga karakana: milango iliyopo huendelea hadi ichakae, mipya haiji. Na karakana haiko kidoleni panapouma. Iko kwenye kiini cha seli, kandokando ya uti wa mgongo. Kwa hiyo mwaka 2021 watafiti wa San Diego waliwadunga panya kwenye maji ya uti wa mgongo, wakipeleka Cas9, protini inayotumika kama mkasi wa DNA, iliyotolewa makali: haikati DNA, huikalia tu jeni isisomwe. Maumivu yalipungua kwa miezi, na panya walitembea kama kawaida.

Hofu yetu ni huo muda mrefu. Familia 3 za Pakistani zilizoelezwa mwaka 2006 zilikuwa na watoto waliozaliwa na jeni hiyo imeharibika. Walihisi kuguswa na joto, lakini walijing'ata ndimi na kuvunjika mifupa bila kujua.

SWALI: Nimeweka siRNA (kipande kifupi cha RNA cha kunyamazisha jeni) ya kuzuia TRPV1, mlango wa neva unaohisi joto na pilipili, kwenye neva za panya. Baada ya saa 24 mRNA (nakala ya maelekezo ya jeni) imeshuka sana, lakini nikitia kapsaisini, ukali wa pilipili, seli bado zinaitika. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi, Morogoro)

JIBU: Huenda hujakosea, umewahi tu. siRNA huharibu mRNA. Protini iliyokwisha kufika kwenye utando haiigusi. Pima tena saa 72, na upime protini yenyewe. Linganisha na siRNA isiyolenga jeni yoyote, kwa dozi ileile. Kiasi cha NGF (protini ya kukuza neva) kiwe sawa katika visahani vyote, kwani NGF huongeza TRPV1 na itakufichia matokeo. Hesabu neva tu, hasa ndogo. Seli zinazozizunguka hazina kazi hapa.

Mtego mbaya zaidi ni kurudia kapsaisini kwenye kisahani kilekile. TRPV1 huzoea haraka, kama ulimi uliokwisha kula pilipili, na mwitikio wa pili ukiwa mdogo utadhani siRNA imefanya kazi. Kila kipimo, kisahani kipya.