Picha za Ng’ombe Zimepotelea Wapi?

SWALI: Habari fundi, na shikamoo kama umenizidi. Nimetengeneza mfumo wa wafugaji huku Mwanza, mtu anapiga picha mnyama wake, anaaplodi, basi. Kwenye laptopu yangu ya Windows, XAMPP (ile seva ya majaribio ya kwenye kompyuta) ya zamani yenye PHP 5.6, kila kitu kilikua kinafunguka vizuri tu. Juzi nimeifunga folda yote ya picha kwenye zip nikaihamishia kwenye seva ya Linux, nusu ya picha hazionekani, na ukiingia kwenye folda unaziona zipo! Majina kwenye databesi nayageuza yote kua herufi ndogo ili kutafuta kuwe rahisi. Nimeshabadili seva mara mbili. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba, kama kweli nimekuzidi. Seva haina kosa, acha kuhama hama unamaliza hela. Una matatizo mawili yamelala kitanda kimoja na la kwanza umelitaja mwenyewe. Kamera nyingi zinaandika DSC_0012.JPG kwa herufi kubwa, databesi yako inasema dsc_0012.jpg, sasa Windows kwake hayo ni jina moja anakufungulia bila kuuliza, lakini Linux kwake ni mafaili mawili tofauti kabisa, unaweza ukawa nayo yote kwenye folda moja na yasigombane. Kwa hiyo ulikua na kosa tangu siku ya kwanza, Windows alikua anakufichia tu.

La pili ndo tamu. Angalia zile picha zenye neno ng’ombe, nakubetia kwenye folda zinasomeka Ngâ€™ombe. Si ndio? Ile alama ya juu iko ya aina mbili, kuna iliyonyooka ya kwenye kibodi ya kompyuta na kuna iliyopinda ambayo Word na baadhi ya simu wanakuwekea wenyewe bila kukuomba. Iliyonyooka ni baiti moja, iliyopinda kwenye UTF-8 (namna ya kuandika herufi kwa baiti) ni baiti tatu, E2 80 99, na PHP ya Windows kabla ya toleo la 7.1 ilikua haielewi UTF-8 kwenye majina ya mafaili, ikazichukua zile baiti tatu kama herufi tatu, ndo hizo â€™ unazoziona. Ukiwa palepale Windows ilikua inakosea wakati wa kuandika na inakosea vilevile wakati wa kusoma kwa hiyo inapata faili, umehamia Linux makosa hayalingani tena. Na hata iliyonyooka isikudanganye, ukiiweka kwenye HTML yenye src='...' jina linakatikia kwenye Ng.

Dawa sio kuwakataza wafugaji kuandika ng’ombe, wataandika nini sasa! Dawa ni jina la mtu lisifike kwenye diski kabisa. Ukituma mzigo kwa basi pale ofisini hawautafuti kwa jina la shangazi yako, wanaupiga namba kwa maka peni na jina linabaki kwenye risiti. Fanya hivyohivyo, faili liitwe 4817.jpg kwa namba ya rekodi yake, mkia uutoe kwenye aina halisi ya faili uliyoipima wewe kwa finfo (kifaa cha PHP kinachosoma ndani ya faili) sio kwenye alichoandika mtu, na jina lake la asili likae kwenye databesi jinsi alivyoliandika, kubwa kubwa, ndogo ndogo. Akitaka kudaunlodi unamrudishia jina lake kwenye heda ya Content-Disposition, ile sehemu ya filename*=UTF-8'' ndo inabeba herufi za ajabu.

Kwa zilizopo, kopi folda kwanza (nasema tena, kopi kwanza), alafu andika skripti inayopita rekodi moja moja inatafuta faili bila kujali ukubwa wa herufi, ikipata inalipatia namba. Zitakazobaki ni hizo za â€™, zimalizie kwa mkono kama sio nyingi.

SWALI: Mimi niko Bukavu, shida yangu inafanana lakini sina Windows. Katibu wetu anatuma réunion.pdf kutoka Mac, mfumo unasema faili haipo, ila jina nikiliangalia ni lilelile herufi kwa herufi. – Msomaji, Bukavu

JIBU: Kwa macho ndiyo, kwa baiti hapana. Herufi é inaandikwa kwa njia mbili, herufi moja kamili (C3 A9) au e ya kawaida ikifuatiwa na kialama chake pembeni (65 CC 81), na Mac za mfumo wa mafaili wa HFS+ zilikua zinahifadhi hiyo ya pili. Mac yenyewe inajua ni kitu kimoja, Linux inalinganisha baiti tu, haina habari na Kifaransa. Andika ls | xxd utaiona mwenyewe. Kwenye kodi pitisha kila jina kwenye NFC (ile njia ya herufi moja kamili) kabla ya kuhifadhi na kabla ya kutafuta, PHP wana Normalizer, Python wana unicodedata. Mafaili ya zamani tumia convmv, programu ya kubadili majina ya mafaili:

convmv -r -f utf8 -t utf8 --nfc folda

Hapo itakuonyesha tu itakachofanya, haigusi kitu mpaka uongeze --notest. Usiiongeze usiku umechoka.