Uliza Ujibiwe: Ushirika wetu hauonekani mtandaoni, tufanyeje?

Safari hii karibu barua zote zimetoka kwa watu wa vyama vya ushirika, makatibu, wajumbe wa bodi na wanachama wa kawaida ambao wanaona kampuni za watu binafsi zinajulikana kila kona mtandaoni wakati chama chao chenye kazi nzuri ukikitafuta Google hukioni. Nimefurahi kuzipata maana hili jambo naliamini kweli, nimechagua sita, zingine nimezijibu kwa urefu zingine kwa kifupi.

*

Dada habari za kazi. Ushirika wetu wa mafundi samani una ukurasa wa Facebook na websaiti, vyote alitufungulia kijana aliyekuwa anatusaidia, akatumia namba yake na imeli yake. Ameshaondoka, simu hapokei, na ukurasa bado unaonesha ofisi tuliyohama. Tunasikia hata jina la websaiti liko kwa jina lake. Tunaanzia wapi? – Katibu

Katibu pole sana, na wala hamko peke yenu, hili ndo tatizo ninaloandikiwa kuliko yote. Kwanza msianze kwa vitisho. Mtafuteni kupitia mtu anayemheshimu, mwambieni hamna ugomvi naye, ombi ni moja tu, aingie kwenye ukurasa awaongeze watu wawili wa chama wawe maadmini wenye uwezo wote, ni kazi ya dakika chache na yeye anabaki hana lawama. Watu wengi wakiombwa hivi wanakubali, wanachokimbia ni kuitwa mwizi. Akigoma kabisa basi mkusanye cheti cha usajili wa chama na muhtasari wa kikao cha bodi muwasilishe kwa Facebook kupitia sehemu yao ya msaada, ila hiyo njia ni ndefu na sitawaahidi kwamba itafanikiwa.

Jina la websaiti ni zito zaidi na hapa naomba mnisikilize vizuri. Aliyeandikwa kama msajiliwa ndiye anayetambulika kuwa mwenye jina hilo, hata kama hela ya kulipia ilitoka kwenye akaunti ya chama. Kuna huduma ya kuangalia usajili wa majina, wengi bado wanaiita WHOIS ingawa tangu 2025 kwa majina kama .com rasmi ni RDAP, iko wazi kwa kila mtu, mnaandika jina la websaiti yenu inawaletea kampuni iliyosajili na tarehe ambayo usajili unaisha. Tangu 2018 majina ya wenyewe mara nyingi yanafichwa kwa sababu za faragha lakini kampuni na tarehe mtaviona, na tarehe ndo muhimu maana usajili ukiisha bila kulipiwa jina linaweza kuchukuliwa na mtu yeyote. Kwa majina kama .com likishafutwa kunakuwa na siku 30 ambazo mwenyewe bado anaweza kulirudisha kwa kulipa zaidi, baada ya hapo linarudi sokoni. Majina yanayoishia na herufi za nchi, kama .tz au .ke, yana taratibu zake. Kwa hiyo andikieni hiyo kampuni mapema, mtume risiti zenu za malipo, elezeni hali ilivyo.

Mkishavipata, sasa fanyeni kile ambacho kingefanyika siku ya kwanza. Fungueni imeli ya cheo na sio ya mtu, yaani ya katibu au ya ofisi, ambayo inabaki hapohapo hata uongozi ukibadilika, kisha akaunti zote zisajiliwe kwa imeli hiyo. Maadmini wasipungue wawili. Washeni uthibitisho wa hatua mbili na laini ya simu inayopokea zile namba za siri za kuingilia iwe ya chama. Halafu ukurasa, jina la websaiti, namba ya WhatsApp, vyote viandikwe kwenye daftari la mali za chama, na siku ya makabidhiano vikabidhiwe pamoja na muhuri na vitabu vya hesabu. Mbona muhuri hakuna anayeondoka nao?

*

Shikamoo dada. Bodi yetu imegawanyika. Nusu wanasema websaiti ni kupoteza hela, tuna grupu la WhatsApp na ukurasa wa Facebook vinatosha. Wewe unasemaje? – Mjumbe wa bodi

Marahaba. Wanaosema havitoshi wako sahihi, ila na wale wengine wana hoja, maana wengi wakisikia websaiti wanawaza mradi mkubwa wa mamilioni, kumbe sio lazima iwe hivyo.

Grupu ni la wanachama, mtu wa nje halioni wala Google haiingii humo. Ukurasa wa Facebook ni mzuri kwa mazungumzo lakini ni nyumba mliyojenga kwenye kiwanja cha mtu mwingine. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, WhatsApp na Instagram zilizimika zote kwa pamoja takribani masaa sita dunia nzima, na biashara iliyokuwa inategemea hizo tu siku hiyo mteja hakuwa na pa kuipata. Google+ nayo ilifungwa kwa watumiaji wa kawaida Aprili 2019, waliokuwa wamejenga kurasa zao humo vikaenda na maji. Sisemi muache mitandao, nasema pawepo sehemu moja ambayo ni mali ya chama.

Na hiyo sehemu inaweza kuwa ukurasa mmoja tu. Nyie ni kina nani, mnauza au mnatoa huduma gani, mnapatikana wapi na saa ngapi, mtu akitaka kujiunga anafanyaje, akiwa na shida ampigie nani. Basi. WordPress ni programu ya bure ya kutengenezea websaiti na watu wanaoijua ni wengi, hivyo fundi akiondoka mnapata mwingine. Ule ulinzi unaofanya anwani ianze na https zamani ulikuwa wa kulipia, tangu 2015 kuna Let's Encrypt wanatoa vyeti vyake bure, kwa hiyo mtu akiwapiga bei kubwa kwa kitu hicho muulizeni vizuri.

Hakikisheni inafunguka haraka kwenye simu, sio kwenye kompyuta ya fundi yenye intaneti kali, kwenye simu ya kawaida ya mwanachama. Kipimo cha Google ni kwamba kitu kikubwa kuliko vyote kwenye sehemu inayoonekana ukurasa ukifunguka kionekane ndani ya sekunde 2.5. Kinachochelewesha mara nyingi ni mapicha makubwa yaliyopandishwa kama yalivyotoka kwenye kamera, punguzeni ukubwa kwanza. Na jamani msiandike matangazo yote ndani ya picha! Bango zuri lenye tarehe ya mkutano na namba za simu, mtu asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini hapati kitu, na wa bando dogo analisubiri lifunguke. Yaandikeni maneno kama maneno.

Kabla hata ya websaiti, wiki hiihii, jazeni taarifa zenu kwenye Google Business Profile, ni bure, ndo inayowatokeza kwenye ramani na likitafutwa jina lenu. Mtaombwa kuthibitisha kwamba mpo kweli, inaweza kuwa kwa simu au kwa video ya mahali penu, msikatishwe tamaa na hilo zoezi.

*

Mimi ni mwanachama tu ila nimepewa kazi ya kuposti. Sijui niposti nini. Wateja hawaoni tofauti yetu na kampuni ya kawaida, na mimi nikijaribu kueleza naishia kuandika mambo ya katiba ya chama hakuna anayesoma. – Mwanachama

Hii barua nimeipenda kuliko zote kwa sababu hapa ndipo ushirika una utajiri ambao kampuni haiwezi kuununua, wenyewe wapo, wana majina na sura na kazi, na bado ukifungua kurasa za vyama vingi unakuta picha ya kununuliwa ya watu wasiojulikana wamevaa suti wanashikana mikono.

Rudi nyuma kidogo. Mwaka 1844 kule Rochdale, kaskazini mwa Uingereza, watu 28 wengi wao wafanyakazi wa kawaida walichanga wakafungua duka dogo, wanauza unga, siagi, sukari na vitu vichache. Maduka ya wakati ule yalikuwa yanachanganya unga na takataka na kupunja mizani. Wao wakauza kitu safi kwa kipimo cha haki, na faida wakagawana kulingana na kila mmoja alivyonunua. Hakuna mteja aliyehitaji kusomewa katiba ili aelewe, aliona unga na aliona gawio. Ndo unachotakiwa kufanya wewe, mfanye mtu aone.

Muungano wa Kimataifa wa Ushirika ulipitisha kanuni saba mwaka 1995, na vyama vingi vimezibandika saba zote kwenye websaiti kama zilivyo. Haina ubaya ila haimshiki mtu. Chukua moja, ile ya mwanachama mmoja kura moja. Badala ya kuiandika kama kanuni, posti picha za mkutano mkuu, eleza hoja iliyobishaniwa, waliotaka bei ipande walisema nini na waliokataa walisema nini, kura zikaendaje, na uamuzi ukawa upi. Kampuni gani inaweza kuposti hivyo? Au ile ya elimu, ukiwa na fundi mzee anamfundisha mwanachama mpya chukua video ya dakika moja ya mikono yake ikifanya kazi, sauti yake mwenyewe akieleza, bila muziki juu.

Ziada ya mwaka iligawanywaje? Andika. Kiasi gani kilirudi kwa wanachama, kiasi gani akiba, kiasi gani mashine mpya, kwa maneno ya kawaida kwenye ukurasa wenyewe na sio kuificha ndani ya PDF ya kurasa arobaini. Watu wanaamini anayeonesha hesabu. Mwaka mliopata hasara pia semeni, na mseme mmeamua nini.

Ila omba ruhusa. Kuwa mwanachama sio kuruhusu sura yako iwe tangazo, mwambie itatumika wapi, pata ridhaa kwa maandishi, na akija kesho akasema itoe basi itoe.

Kitu kingine ambacho vyama vinasahau kabisa ni kueleza jinsi ya kujiunga. Weka masharti, hisa ni kiasi gani, fomu, inachukua muda gani kujibiwa. Mtu amevutiwa usiku saa nne, asipopata pa kuanzia hapohapo huyo umempoteza.

Kuhusu mara ngapi uposti, mara moja kwa wiki kitu cha kweli inatosha. Kama unatafuta sababu ya kuposti, Jumamosi ya kwanza ya Julai kila mwaka ni Siku ya Kimataifa ya Ushirika, na Umoja wa Mataifa uliutangaza 2025 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Ushirika kwa mara ya pili baada ya 2012, hapo una pa kushika.

*

Kuna jina la websaiti linaloishia na .coop, lina faida au ni fasheni? – Mweka hazina

Lina faida. Lilianza kutumika 2002 na halitolewi kwa kila mtu, ni kwa vyama vya ushirika na mashirika yao, uhalali wenu unaweza kuhakikiwa. Kwa hiyo mtu akiliona anajua anaongea na ushirika wa kweli na sio kampuni iliyojipa jina hilo. Kuna pia alama ya pamoja ya ushirika duniani iliyoanzishwa 2013 ambayo mnaweza kuiomba mkaiweka pembeni ya nembo yenu. Hasara ni bei, kwa kawaida .coop ni ghali kuliko .com, na wateja wengine hawajaizoea wataandika .com kwa mazoea. Mkiweza shikeni zote mbili, moja ielekeze kwenye nyingine. Kama hela ni ya jina moja na jina la nchi yenu ndo watu wanalolikumbuka, chukueni hilo na wala msijisikie vibaya.

*

Tumepata mtu anatuuzia wafuasi elfu kumi. Tununue? – Meneja

Hapana. Hao sio watu, hawanunui, hawajiungi, na mitandao yenyewe imekataza biashara hiyo, ukurasa unaweza kufungiwa. Hiyo hela wapeni bando wanachama watano wanaojua kuongea vizuri kuhusu kazi yenu, kila mmoja aposti kwenye ukurasa wake mwenyewe na linki ya chama.

*

Dada sisi ni chama cha akiba na mikopo. Wanachama wakiwa na malalamiko wanayamwaga kwenye ukurasa wetu mbele ya watu wote, mwenyekiti anataka tuzifute komenti. Tufanyeje? – Afisa mawasiliano

Msifute. Hao ni wenye chama, na ukimfuta mwenye chama atapiga picha ya skrini na kesho inasambaa kwenye magrupu ikiwa na hasira mara mbili. Tena mtu wa nje anayefikiria kujiunga anasoma zile komenti kuliko hata matangazo yenu, anachoangalia ni mnajibuje.

Jibuni hapohapo kwa sentensi mbili, tumeliona, tunalifuatilia, jibu utapata siku fulani. Kisha mpelekeni kwenye simu au ofisini kwa undani. Msijadili kabisa salio wala mkopo wa mtu hadharani hata kama yeye ndo ameanza kuutaja, hiyo ni siri yake na nyie mna wajibu wa kuilinda. Vya kufutwa ni matusi, ubaguzi, taarifa binafsi za watu, na wale matapeli wanaoweka namba zao chini ya malalamiko wakijifanya maofisa wenu, hao wafuteni haraka mno na mtoe tahadhari maana wanachama wanaibiwa hivyo.

Utaratibu huo bodi iupitishe kwa maandishi na uwekwe juu ya ukurasa kila mtu ausome, ili siku mwenyekiti akikupigia saa tano usiku anasema futa ile, uwe na cha kumwonesha. Na kama lalamiko lilelile limeletwa na watu sita tofauti, lipelekeni kwenye ajenda ya mkutano unaofuata, kisha rudini kwenye ukurasa muwaambie waliolalamika kimeamuliwa nini.