Kuvua wikiendi Mtwara: usinunue boti kabla hujaujua mwezi

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umehamishiwa Mtwara kikazi ukitokea Mwanza, na kule mlizoea kila Jumamosi wewe na wenzako watatu kuingia ziwani, mnavua sangara na sato, mnachoma kisiwani, jioni mnarudi. Unauliza boti uipandishe kwenye lori au uiuze ununue nyingine huku, miezi gani ni mizuri, na mwishoni umegusia kwamba shemeji anaiogopa bahari. Waliotangulia kujibu wamekwambia nunua, bahari ipo tele. Mimi nasema usinunue. Siyo msimu huu wa kwanza.

Nasema hivyo kwa sababu nilinunua. Kwetu ni Ukerewe, nimekulia kwenye mtumbwi, na nilipofika Mtwara 2013 nilijiona nimeshahitimu. Ziwa Victoria ni kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Mtu aliyelivuka usiku na karabai, ghuba ya Mikindani, ambayo unasimama barabarani unaiona yote, itamfundisha nini? Nikapata boti ya faiba ya futi 18, mkono wa pili, na mashine ya farasi 15. Nikaifunga Mikindani, nikawa natembea kifua mbele.

Jumamosi ya kwanza niliwaalika wenzangu wawili wa ofisini. Ilikuwa Oktoba, bahari imetulia kama maji ya beseni, na usiku uliotangulia mbalamwezi ilikuwa kubwa mpaka tukaisifia. Tukaondoka saa moja na nusu asubuhi, tukafika juu ya mwamba wenye majani, maji ya kifua, safi, unaviona viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, vimelala chini. Nikatupa nanga. Changu wadogo wakaanza kula chambo, tukawa tunacheka. Kwenye saa tatu nikahisi boti imegusa kitu. Nilipoishtukia, nikawasha mashine, panga lake likauma mchanga. Saa nne boti imelala ubavu, na maji tunayatazama kwa mbali.

Wakaja kina mama kwa miguu. Vikapu mkononi, fimbo za chuma, wanachokoa pweza kwenye mashimo ya mwamba. Mmoja wa makamo akasimama, akatutazama tulivyokaa kwenye ukingo wa boti juani.

"Kaka zangu, mnangoja basi?"

Akaniuliza nimetoka wapi. Nikasema Ukerewe, ziwani. "Huko maji hayatoki?" Nikamwambia hayatoki. Akawaita wenzake waje wasikie. Wakacheka, lakini kabla ya kuondoka akatuachia maji ya kunywa na ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, kwenye mfuko, na hiyo ndiyo ikawa siku yangu ya kwanza kula ming'oko. (Wa bara wenzangu, ukiipata na chumvi na pilipili usiidharau.) Boti ilielea tena saa saba kasorobo. Ngozi ya shingo ilibanduka wiki nzima.

Jioni ufukweni kulikuwa na mzee mmoja anatengeneza dema, mtego wa samaki. Yeye hakunicheka. Aliniuliza tu, "Leo mwezi ngapi?"

"Tarehe 19 Oktoba."

"Hiyo ya serikali, mwanangu. Nakuuliza mwezi."

Ulikuwa mwezi kumi na nne, yaani siku ya kumi na nne tangu uandame, Mfungo Tatu kwa kalenda ya Kiislamu. Idi Kubwa ilikuwa imetoka kupita. Yule mzee ndiye akaja kuwa nahodha wangu kwa misimu minne, na alichonifundisha nakupa bure.

Mwezi ukiandama, na ukiwa mpevu, siku hizo na mbili tatu zinazofuata ni bamvua. Maji yanajaa sana na yanatoka sana, tofauti inazidi mita 3. Kwa pwani yetu, siku za bamvua maji yanapwa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, yanajaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi ukiwa nusu, yaani siku ya saba au ya nane, na tena kwenye ishirini na mbili hivi, ni maji mafu: yanapanda kidogo, yanashuka kidogo, na mambo yanageuka, kwa sababu saa nne asubuhi ndiyo kwanza yamejaa. Kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Kwa mtu wa ofisini maana yake ni kwamba Jumamosi zinapokezana. Hii ni ya boti, ijayo siyo, inayofuata ni ya boti. Ukilazimisha Jumamosi ya bamvua, itabidi utoke saa kumi na moja alfajiri maji yakiwa bado makubwa, ushinde nje ya mwamba, na usirudi mpaka alasiri, saa ambazo upepo ndio umeamka. Kule Nansio, Ukerewe, ukifunga mtumbwi jioni unaukuta asubuhi pale pale. Huku ukifunga kamba fupi wakati maji yamejaa, asubuhi unaukuta unaning'inia.

Sasa miezi. Hapa watu wa bara tunapotea sana, kwa sababu tunaangalia mvua badala ya upepo. Juni mpaka Agosti huku ni kiangazi, hakuna tone, jua zuri, baridi kidogo ya asubuhi. Ukifika unasema huu ndio wakati. Kumbe ndiyo kusi, upepo wa kusini, imeshika. Kusi inaanza Aprili, na Juni na Julai inavuma kweli. Ndani kabisa ya ghuba ya Mikindani unaweza kuvua na mtumbwi kwa sababu nchi inakukinga, lakini usitoke mdomoni. Oktoba na Novemba ni matlai, upepo umechoka, bahari inalala, na kwangu mimi hakuna miezi kama hiyo. Kuanzia Desemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo wa kaskazini: joto la kuvua shati, mvua za msimu, asubuhi shwari, kuanzia adhuhuri upepo unaongezeka. Kwa hiyo joto la Krismasi, ambalo wengi wanalikimbia, ndilo la wikiendi zako. Unatoka alfajiri, saa sita uko nchi kavu unakula.

Na usome taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ile sentensi yao ya upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ziwani nilikuwa naipita kama tangazo la msiba wa mtu nisiyemjua. Huku ukiisikia, usitoke. Aprili 2019 kimbunga Kenneth tuliambiwa kinakuja Mtwara, watu wakahamishwa, kikaenda kutua Msumbiji. Baadhi ya jirani zangu wakaanza kusema hao waongo. Mei 2024 Hidaya ilipokuja, nahodha, mzee sasa na miguu mibovu, aliwasimamia vijana mpaka vyombo vyote vya majirani vikapandishwa kwenye minazi. Hakutaka kusikia habari za uongo wa nani.

Boti yako ya Mwanza iuze huko huko. Gharama ya lori tu utakodi chombo huku msimu mzima. Nenda Mikindani au pale Feri wanapovukia kwenda Msanga Mkuu, tafuta chombo pamoja na nahodha wake. Mafuta na chambo mnapatana kabla, na samaki pia mnapatana kabla. Desturi ni kwamba chombo kina fungu lake, nahodha ana lake, kilichobaki ndicho mnachogawana. Usione unaibiwa. Jaketi za kujiokolea nunua zako mwenyewe, kwa idadi ya watu mnaotoka, maana vyombo vingi havina. Leseni ya kuvulia ulizia kwa afisa uvuvi wa halmashauri, na ukifika kijiji chochote jitambulishe kwa BMU, kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi, kabla hujatupa nanga. Vijiji vingine hufunga mwamba miezi kadhaa ili pweza wakue, na wewe mgeni huwezi kujua kwa kuangalia maji.

Ukija kununua boti baadaye, kumbuka chumvi. Mashine yangu ilikufa baada ya miezi kumi na moja, na ni kosa langu: nilikuwa nairudisha, naifunika turubai, naondoka, kama nilivyokuwa nafanya Ukerewe. Huku kila safari lazima mashine isuuzwe kwa maji yasiyo na chumvi, ndani na nje, kabla hujala chakula chako. Fundi alipoifungua alinionyesha njia za maji zimejaa chumvi ngumu kama chokaa.

Rodi zako zilete, ila ndoana za sangara kwa changu ni kama kumlisha mtoto kwa upawa. Wengi huku wanavua kwa mshipi wa mkono, chubwi (kizito cha kuuzamisha) chini, chambo ngisi au kibua kilichokatwa. Asubuhi ndani ya ghuba utapata changu, tasi, chewa wadogo. Ukitoka nje, kokota ndoana taratibu nyuma ya chombo, wenyewe wanaita kurambaza, hapo ndipo kuna nguru, kolekole na mzia, na ukibahatika sulisuli, ambaye atakuvunjia ile rodi unayoisifia. Chini kunakatika ghafla. Pale penye kina zaidi Ziwa Victoria lina mita 80 hivi. Huku unazipita ukitoka kidogo tu nje ya mwamba. Mwaka 2003 wavuvi wa upande wa Songo Mnara, Kilwa, walimtoa silikanti kwenye kina kirefu, yule samaki ambaye wataalamu waliwahi kudhani ametoweka tangu enzi za dinosaria. Sikuahidi silikanti. Nakueleza tu kwamba mshipi wa mita 50 ulioutumia kule hautafika.

Kitu kingine ambacho ziwa halikukuzoesha ni samaki wa kuogopwa. Kule chochote unachotoa unakaanga. Huku kuna bunju, yule anayejivimbisha tumbo kama mpira. Sumu yake inaua na haiondoki kwa kupika. Mrudishe majini. Tasi ana miiba mgongoni inayochoma mpaka ukaita mama yako, kwa hiyo usimshike kama unavyoshika sato. Na ukitembea kwenye mchanga wenye maji, buruta miguu usiinyanyue, ili samaki aitwaye taa akusikie aondoke. Halafu kama mtu anakuuzia samaki rahisi kupita kiasi, mpasue mmoja: mgongo umevunjika na damu imevilia ndani, huyo ni wa bomu. Miaka ile nafika nilikuwa nausikia mlio ukiwa hapo hapo Mikindani, kama mlango wa kontena unaobamizwa. Usinunue, hata kama jirani yako ananunua.

Msimbati na Ruvula utapelekwa tu, kila mgeni anapelekwa, na kweli ule ufuko ni mzuri. Ila jua kwamba ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Kuna kiingilio na kuvua kuna masharti, upitie ofisi yao kwanza. Mimi huko naenda kuogelea na kula. Kuanzia Julai hivi mpaka Oktoba nyangumi wanapita nje, na siku moja tulimwona mmoja anajirusha, nahodha akazima mashine, hakuna aliyesema neno.

Ukikumbuka sana maji yasiyo na chumvi, kuna Ziwa Rutamba upande wa Lindi. Ni dogo, ukitoka Victoria utaliita bwawa, lakini kukaa ukingoni na mshipi, ukisubiri perege, kunatuliza moyo. Ulizia wenyeji habari za mamba kabla hujatia mguu. Mto Ruvuma ndio kabisa, huko usijaribu kujua mwenyewe.

Kuhusu shemeji. Mke wangu pia alikataa katakata, alipanda boti mara moja akatapika, akasema basi. Mwaka wa pili yule mama aliyetupa ming'oko alikuwa ameshakuwa rafiki wa nyumbani, akamchukua kwenda pwani siku ya bamvua. Kwa miguu, viatu vya plastiki, kanga kiunoni. Alirudi na pweza wawili, ameungua usoni, anaongea bila kupumua. Tangu hapo Jumamosi za maji mafu ni zangu na Jumamosi za bamvua ni zake. Mimi nabaki nyumbani nakuna nazi, na nikiwa mkweli, mara nyingi kikapu chake kinakuwa kizito kuliko ndoo yangu. Mwambie shemeji afungashe viatu vya plastiki vyenye soli ngumu, visiwe ndala, maana miba ya sokomoko, kiumbe wa baharini mwenye miiba, haina huruma.