Uzamili wa Mifumo ya Taarifa Uswidi kwa Ufadhili: Kazi Inaanza Oktoba

Msomaji mmoja aliyehitimu sayansi ya kompyuta ameniandikia kwamba anataka uzamili wa mifumo ya taarifa nje ya nchi, kwa ufadhili kamili, na anauliza skolashipu zinafunguliwa lini. Swali hili huja kila mwaka, na wengi huliuliza Februari, wakati mlango wa chuo umeshafungwa. Nitalijibu kwa kutumia Uswidi, maana huko ndiko vijana wengi wenye sifa zote hukwama kwa sababu ya taratibu tu.

Ufadhili wenyewe hutolewa na Swedish Institute, taasisi ya serikali ya Uswidi, SI kwa kifupi. Ufadhili huo hulipa ada moja kwa moja chuoni, humpa mwanafunzi krona 12,000 kwa mwezi za kujikimu na krona 15,000 za safari mara moja, pamoja na bima. Mwenza na watoto haugharamii. Nchi zinazostahili huorodheshwa kila mwaka na orodha hubadilika, kwa hiyo anza kwa kuangalia kama nchi yako imo.

Sasa shikeni hili: SI haimpi mtu nafasi ya chuo. Chuo unaomba kwenye universityadmissions.se, kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Januari. Unachagua programu zisizozidi nne, unazipanga kuanzia unayoitaka zaidi, unalipa krona 900, kisha unapakia vyeti na transkripti. Fomu ya SI hufunguliwa Februari, nayo inadai namba ya maombi yako ya chuo. Asiyeomba chuo Januari hana namba ya kujaza.

Mpangilio wa zile programu nne ndio unaowaumiza watu kimyakimya. Ukipata nafasi kwenye chaguo la kwanza, mfumo unafuta machaguo yote yaliyo chini yake. Na SI haifadhili kila programu, ina orodha yake. Ukiweka juu programu ambayo haimo kwenye orodha hiyo na chuo kikakukubali, ile ya tatu ambayo ingefadhiliwa inafutwa, na ufadhili unaondoka nayo. Fungua orodha ya SI kwanza, ndipo upange.

Kisha soma masharti ya kila programu neno kwa neno. Chuo Kikuu cha Lund, Uppsala, na idara ya kompyuta na mifumo ya Chuo Kikuu cha Stockholm iliyoko Kista hawaulizi mambo yaleyale. Ni kawaida kukuta sharti la krediti 90 za Ulaya katika fani yenyewe, sawa na mwaka mmoja na nusu wa masomo. Mhitimu wa biashara aliyesoma kozi nne tu za kompyuta atakataliwa hata akiwa na daraja la kwanza. Transkripti zetu nazo hazisaidii: zinaandika msimbo wa kozi na jina la maneno mawili, na msomaji wa Uswidi hajui "Mifumo II" ilifundisha hifadhidata au mitandao. Chuo kinaporuhusu maelezo ya kozi, andaa ukurasa mmoja au miwili: jina la kozi, krediti, mada kuu, na mradi wa mwaka wa mwisho.

Ukiitaja GPA, yaani wastani wa alama zako, taja na kipimo chake. Tanzania na Makerere hutumia kipimo cha 5.0, ambapo 4.4 ndiyo mwanzo wa daraja la kwanza. Ukiandika 3.6 peke yake kwenye wasifu, atakayeisoma kwa kipimo cha 4.0 atakukadiria sivyo, na itakapobainika kwamba hukukusudia kudanganya, maombi yameshapita. Andika "3.6 kati ya 5.0, daraja la pili la juu".

Kiingereza: IELTS ya Academic ya 6.5, bila sehemu yoyote kushuka chini ya 5.5, inatosha kwa programu nyingi. Matokeo yake huishi miaka 2. Ila kabla hujalipia mtihani, soma ukurasa wa nchi yako kwenye tovuti ileile uone kama shahada yako inakusamehe.

Upande wa SI, kipimo kikubwa ni saa 3,000 za kazi. Kwa saa 40 kwa wiki hizo ni wiki 75, kama mwaka mmoja na nusu wa ajira kamili. Saa hizo zinathibitishwa kwa fomu ya SI yenyewe, ya mwaka huohuo, yenye sahihi na mhuri wa mwajiri. Barua nzuri ya ofisi haiwi mbadala wake, na fomu ya mwaka jana, hata ikifanana kwa kila mstari, inakutoa. Ukizijua ofisi zetu, unajua mhuri unaweza kusubiri wiki mbili kwa kuwa bosi yuko safarini. Fomu zikitoka tu, zipeleke siku hiyohiyo.

Maelezo ya malengo ndiyo sehemu ninayoiona ikiharibiwa zaidi. "Nina shauku ya teknolojia tangu utotoni" haimwambii mtu chochote. Kama umefanya kazi kituo cha afya ukaona takwimu zinaingizwa kwenye GoTHOMIS, mfumo wa kuendesha vituo vya afya Tanzania, kisha zinanakiliwa tena kwa mkono kwenda DHIS2, mfumo wa kukusanya takwimu za afya, andika hivyo: nani ananakili, kila mwezi anatumia siku ngapi, makosa yanajitokeza wapi, ulijaribu nini, na ni kozi gani ya programu hiyo inayogusa tatizo hilo. Aya moja ya namna hiyo inazidi kurasa mbili za sifa. Na tafadhali msimlipe mtu awajazie. Maombi ya SI ni bure, na anayekuandikia hajui kazi yako.

Mwenye saa pungufu asikae bure. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, inataka saa 2,800 na inakuruhusu kozi tatu. Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya, hutoa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24, na ndani yake ipo PIONEER, programu ya uzamili ya huduma za serikali mtandao, inayopita Leuven, Münster na Tallinn. Huko unaomba moja kwa moja kwa programu.

Jambo la mwisho ni majina. Cheti cha kidato cha nne kina majina matatu, cha shahada mawili, pasipoti ina herufi moja tofauti. Tatua sasa, kabla ya Oktoba: kiapo mbele ya wakili, au kurekebisha pasipoti yenyewe, kisha tumia tahajia ya pasipoti kwenye kila fomu.