Muulize Mgonjwa wa Saratani Tarehe ya Dripu Yake ya Mwisho
Wauguzi wenzangu wa Tabora, huenda wengi wetu hatutawahi kutundika dripu ya dawa za saratani, kwa kuwa wagonjwa wetu hupewa rufaa kwenda Bugando jijini Mwanza au Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam. Hata hivyo, kati ya mzunguko mmoja wa dripu na mwingine, ambao kwa dawa nyingi ni siku 21, hurudi nyumbani, na wakizidiwa usiku hukimbilia kwetu.

Hilo nililijua kwa kuchelewa. Mama mmoja mwenye saratani ya matiti aliletwa akiwa na homa, nami, kama tulivyozoea huku kwetu, nikampima malaria, nikampa parasetamoli na kumwambia asubiri daktari wa asubuhi. Binti yake ndiye aliyenionyesha kadi: siku 10 zilikuwa zimepita tangu dripu ya mwisho. Kwa dawa nyingi, kati ya siku ya 7 na ya 14 ndipo chembe nyeupe za damu, zinazoukinga mwili, hupungua kuliko wakati wowote, hivyo maambukizi makali huweza kumwingia mgonjwa bila usaha wala uvimbe, homa ikiwa dalili pekee. Joto la nyuzi 38 kwa mgonjwa kama huyo ni dharura: daktari aitwe papo hapo, damu ichukuliwe kwa vipimo, na antibiotiki ya mshipa ianzishwe ndani ya saa moja. Malaria ipimwe sambamba na hayo, isiwe sababu ya kungoja. Mama yule alipona, ingawa si kwa umahiri wangu.

Mengine ni mepesi zaidi. Doksorubisini, mojawapo ya dawa za dripu za saratani, hugeuza mkojo kuwa mwekundu kwa siku moja au mbili, na ndugu hudhani ni damu. Waelezeni mapema, na atakayesafisha matapishi au choo ndani ya saa 48 baada ya dripu avae glavu. Tamoksifeni, anayopewa mwenye saratani ya matiti inayochochewa na homoni, humezwa kwa miaka 5 au zaidi, lakini wengi huiacha pindi wanapojiona wazima. Mofini nayo, dawa ya maumivu makali, tunaiogopa kupita kiasi (hata mimi niliiogopa), ilhali inahitaji tu kipimo sahihi pamoja na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza.

Siku hizi siulizi kwanza jina la dawa, kwa sababu wengi hawalikumbuki. Nauliza tarehe ya dripu, kisha naiandika kwa wino mwekundu juu ya faili.